Saumu ya Mzee Sasson

Siku ya Upatanisho, Wayahudi tunapofunga, gari hazitembei Haifa, mji unanyamaza, kwa hiyo nilimsikia Mzee Sasson akihema kabla hatujamaliza kushuka ngazi za uchochoro wake. Alikuwa amekaa juu ya makatoni yake mbele ya duka la dawa lililofungwa. Jasho lilikuwa linamtoka, na hakukuwa na joto.

"Mzee, umekula?" mwenzangu Elkana akamwuliza.

"Nimefunga."

Elkana akacheka, akidhani ni utani. Mimi nilikuwa naitazama mikono ya mzee. Ilikuwa inatetemeka.

"Na sindano yako ya sukari?" nikauliza.

"Nimejidunga asubuhi. Kwani sindano ni chakula?"

Sindano ile bila chakula huishusha sukari mpaka mtu akazimia.

Sisi vijana wa sinagogi huzunguka siku hiyo na tende na maji ya zabibu, kwa ajili ya wagonjwa wanaolala nje, ambao hawaruhusiwi kufunga. Mzee Sasson alikuwa anakula kila mwaka, tena akituomba na sigara juu yake.

"Nani kakwambia ufunge?"

Akamwonyesha Elkana kwa kidevu. "Huyu. Jana, aliponiletea supu."

Elkana akabadilika uso. Jana, alipompa bakuli, alimwambia "Saumu njema," kama sote tunavyomwambia kila tunayekutana naye jioni ile, hata dereva wa basi.

"Mzee, ile ni salamu tu!"

"Najua ni salamu. Mara ya mwisho kusalimiwa hivyo, mke wangu alikuwa hai."

Simu tulikuwa tumeziacha nyumbani, siku hiyo hazishikwi. Nikamwambia Elkana akimbie kituo cha gari la wagonjwa. Kituo kiko kule bondeni, na Elkana si mtu wa mbio.

Nikapiga magoti. "Babu, kuokoa roho kunatangua saumu. Hata rabi atakwambia."

"Basi aje aniambie mwenyewe." Maneno yalikuwa yameanza kumteleza kama ya mlevi. "Nyinyi kazi yenu kunilisha tu. Leo niacheni niwe na njaa pamoja na watu."

Nikamsogezea tende mdomoni. Akageuza uso. Midomo ilikuwa imepauka, na macho yanakwenda yakirudi. Nikatazama kule alikokimbilia Elkana, sikuona mtu.

Tende nikaitia kinywani mwangu.

"We binti! Una wazimu? Tema!"

"Nimeshameza."

"Wewe si mgonjwa! Dhambi hiyo!"

"Ndiyo, nimekula mchana, na niko peke yangu dhambini. Utaniacha hivihivi?"

Akanitukana, mimi na ukoo wangu wote, kwa Kiarabu cha kwao Baghdad. Nikatoa tende ya pili, nikafungua mdomo.

"Basi, basi! Lete hapa, kabla hujatuangamiza wote wawili!"

Alitafuna kwa shida. Nililitazama koo lake mpaka tende ikashuka. Akatema kokwa kiganjani mwangu, kisha akanyoosha mkono kutaka nyingine.