Balbu za Wati Mia

Mwaka huo pekee dereva wa gari la mikate alikuwa amebadilisha balbu za taa za mbele mara mbili, na sasa amerudi dukani kwa mara ya tatu na malalamiko yale yale: taa ya upande wa kulia haina nguvu. Mama muuza spea alishamchoka. Alimpangia vikasha juu ya kaunta, akamweleza taratibu kwamba hizi za wati hamsini na tano ndizo gari lilizokuja nazo, hizi nyeupe zinapendeza ila mvua ikinyesha hazisaidii kitu, na hizi za wati mia zitamuunguzia soketi. Dereva akachukua za wati mia. Kuna watu ukiwatajia madhara ya kitu ni kama umekisifia.

Madereva wenzake walimbandika jina la Fulu, kwa sababu alitembea na taa za juu, yaani fulu, muda wote na hakuzishusha hata apishane na nani. Alicheka nao. Hakuwaambia kwamba wiki iliyopita, kabla hakujapambazuka, mtu wa baiskeli alimtokea upande wa kulia kana kwamba ameota ardhini, na kioo cha pembeni kikamgonga begani. Yule mtu alitukana akaenda zake. Fulu alisimamisha gari mbele kidogo, akakaa hapo mpaka mikate ikachelewa kwenye maduka mawili. Miaka ishirini na sita ya usukani alikuwa hajakanyaga hata kuku. Kazi nyingine hakuijua, na siku akiua mtu hata hii ingekwisha. Kwa hiyo alitaka mwanga.

Kutoka dukani alikwenda moja kwa moja kwa fundi umeme wa magari, kaka wa mkewe, mtu asiyeweza kumwacha apite bila kumtania. Fundi alipoona kikasha akamuuliza kama taa hizo ni za kusambazia mikate au za kuiokea. Lakini kazini hakuwa na mzaha. Aliliingiza gari gereji, akafunga mlango wa bati ili giza lipatikane mchana huo huo, akaliweka hatua kumi kutoka ukutani, akafunga balbu mpya na kuwasha.

Fulu, kwenye kiti chake, akasema ya kulia bado ni hafifu.

Fundi alikuwa na kanuni moja aliyoishi nayo: usitupe kitu kabla hujakihamisha. Cha kulia kipeleke kushoto. Ubovu ukihama nacho, ni chenyewe. Ukibaki pale pale, fuata waya. Akazihamisha balbu. Fulu akasema ya kulia ni ile ile. Akahamisha soketi, akasugua waya wa ardhi kwa msasa, akapima kwa mita, na umeme ukawa sawasawa pande zote. Ukutani yeye aliona miduara miwili myeupe, pacha kabisa. Akamwomba shemeji yake ashuke, akasimame pale ukutani na kulitazama gari usoni.

"Haya, sasa hafifu ni ipi?"

Fulu akakunja uso, akanyoosha kidole. "Hii."

Alikuwa anaonyesha taa ya kushoto ya gari, ambayo kwa alivyosimama ilikuwa upande wake wa kulia.

Fundi akazima taa. Mtu huyu hata msibani hakosi la kuchekesha, lakini safari hii hakutania hata Fulu alipomuuliza kulikoni.

"Ubovu umehama, shemeji," alisema. "Umehama na wewe."

Fulu alicheka kwanza, akisubiri utani umalizike. Haukumalizika. Fundi akafungua mlango wa bati, na Fulu akaziba jicho la kushoto kwa kiganja. Mchana wote ule ukawa ukungu, na shemeji yake akawa kivuli kinachopumua.

Hapo akamkumbuka mama yake. Naye alianza kwa kulalamika kwamba chumba chake kina giza. Fulu mwenyewe alimbadilishia balbu mara tatu, kila mara kubwa zaidi, na mara ya tatu alimfokea kwamba haridhiki. Walipompeleka hospitali, daktari aliwaambia kilichokwenda hakirudi. Jicho la pili lilifuata kabla ya mwaka kuisha. Fulu aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani.

"Niachie hizo hizo kali," alisema. "Nimalizie japo mwaka huu."

Fundi alikuwa anafuta mikono kwa tambara.

"Kuna mtu nilimgonga," Fulu akasema, bila kuulizwa. "Wa baiskeli. Si kwamba nilichelewa kumwona. Sikumwona kabisa." Akalia palepale, mtu mzima na nywele zake za mvi, na shemeji yake akasimama karibu naye.

Mwishowe fundi akanyoosha mkono. Fulu alishika funguo kwa muda, kisha akampa.

"Nikupeleke nyumbani?"

"Bekari kwanza. Mikate inatoka saa kumi alfajiri. Lazima leo hii wapate mtu wa kuipeleka."

Akazunguka mbele ya gari akipapasa boneti, akafungua mlango wa abiria, na kwa mara ya kwanza tangu alipokabidhiwa gari lile, akakaa upande huo.