Rota ya Lori la Sumari

Watu wa huko juu ya Tengeru wana kumbukumbu ndefu, hasa ya aibu za wenzao. Ukimwuliza mtu mzima yeyote habari za marehemu Meshack Sumari, atakwambia alikuwa mkulima hodari wa kahawa, mzee wa kanisa, na kwamba vita vya Kagera vilipokuja aliogopa. Hilo la mwisho atalisema kwa sauti ya chini, lakini atalisema.

Binti yake wa mwisho, Lilian, amelisikia tangu shule ya msingi. Sasa ana miaka arobaini na minane, anafundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja cha Njiro, mikono yake haitakati grisi hata Jumapili, na bado neno hilo humchoma kama siku ya kwanza. Ndiyo maana mwaka huu alipopata likizo hakwenda kutembea. Alipanda kwao, akafyeka magugu yaliyoota katikati ya chesisi, akalitazama lori la Bedford la baba yake na kuliambia kwamba litatembea.

Lori lile lilizaliwa vitani. Waingereza walilileta wakati wa vita vya Hitla, na wazee husema liliwahi kubeba wakimbizi wa Kipolandi wa kambi ya Tengeru. Vita vilipokwisha setla mmoja alilinunua, na alipoondoka nchini akamuuzia Meshack. Kwa miaka kumi na miwili lilibeba kahawa na ndizi za nusu ya kitongoji. Mwaka wa sabini na nane serikali ikakusanya malori ya watu binafsi yapeleke jeshi mpakani, na madereva wao humo humo. Asubuhi ile Bedford likagoma kuwaka. Mgambo wakasogea kwa jirani, Anaeli Mbise, wakachukua lori lake na yeye mwenyewe. Lori lilirudi. Anaeli hakurudi.

Tangu hapo mjane wake, Evaresta, hajavuka mstari wa masale unaotenganisha mashamba yao. Kanisani hukaa benchi za kushoto, kwa sababu akina Sumari hukaa za kulia. Naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba lori la Sumari halikufa, bali liliuawa na mwenyewe.

Lilian alitaka jambo moja tu: aikute hitilafu ya kweli. Gasketi iliyoungua, pistoni iliyopasuka, chochote ambacho angekiinua mbele ya watu aseme, tazameni, baba hakudanganya.

Kusaka vipuri kulimfundisha kwamba Meru hakuna kitu kinachopotea, kinabadilishwa kazi tu. Boneti aliikuta kwa mjomba wake, imegeuzwa hori la ndama. Springi za nyuma zilikwisha kufuliwa mapanga zamani, akapewa panga moja kama rambirambi, ikabidi afunge za gari jingine. Ringi ya gurudumu la mbele ilikuwa kengele ya kanisa, na wazee walikaa vikao vitatu kabla ya kukubali kubadilishana na ringi ya Fuso. Mpaka leo wanakwaya wanalalamika kwamba Fuso inalia vibaya.

Kisha akaifungua injini, na hapo roho ikaanza kumwuma. Kutu ilikuwepo, ile ya kukaa muda mrefu, lakini hakuna kilichovunjika. Gasketi ilikuwa nzima na pistoni zilikuwa nzima. Mama yake, Bibi Tabea, alimtazama kutoka mlangoni akichambua maharage. Ni mwanamke anayepeleka chai hata kwa wachimba choo, lakini pale kwenye lori hakupeleka hata kikombe.

"Acha chuma kilale, mwanangu," alisema. "Hakijakuomba kitu."

"Mimi ndiye ninayekiomba, mama."

Mwishowe Lilian alifunua distribyuta, kikopo kinachogawa moto kwenye plagi. Ndani hamkuwa na rota, kile kipande cheusi kidogo, urefu wa kidole gumba, kinachozunguka humo na bila yake gari haliwaki hata ulisukume mpaka Kikatiti. Alikaa chini kwenye nyasi. Baba yake alikuwa na desturi aliyofundishwa na yule setla, askari wa zamani: kila alipoegesha sokoni Tengeru alichomoa rota akaitia mfukoni, ili mwizi asiondoke na lori. Kitongoji kizima kilijua kwamba kuna kitu huchomolewa. Evaresta naye alijua.

Hakutaka kuamini haraka. Alishuka mjini, Levolosi, kwenye duka la mzee Abdulsalam, ambaye ana vipuri vya magari yaliyokwisha kusahauliwa na walioyatengeneza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Leo unatafuta nini cha kale?"

Alipomweleza, mzee alitikisa kichwa. Angeweza kuagiza nje, labda miezi miwili. "Kwani ya kwake imevunjika?"

"Haipo. Nafikiri ilidondoka."

"Rota haidondoki, binti yangu. Ina kifuniko, na kifuniko kina klipu mbili. Rota huchomolewa kwa mkono. Kamuulize mwenye mkono."

Lilian alirudi kwao moyo ukiwa mzito. Mama yake alikuwa pale pale mlangoni.

"Mama, watu walisema kweli," alisema. "Baba aliichomoa rota. Nitaagiza nyingine, na lori litatembea, kwa sababu nimeapa. Lakini yeye sitamtetea tena."

Bibi Tabea aliweka ungo chini. Akaingia ndani, na Lilian akasikia kifuniko cha sanduku la bati kikigonga ukuta. Alipotoka alikuwa ameshika kitambaa cha kichwa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na rota.

"Usimwache baba yako," alisema. "Mkono ni huu wangu."

Akaeleza amesimama, kama mtu aliye mbele ya baraza. "Walitutangazia jioni kwamba asubuhi wanakuja. Baba yako alikuwa tayari kwenda, nguo amekwisha kuzipanga. Nilikuwa na watoto wanne, wewe unanyonya. Alipolala nikaenda nikafanya kama nilivyokuwa namwona yeye akifanya sokoni. Asubuhi akazungusha hendeli mpaka shati likalowa. Kisha akafunua kile kikopo. Akaona. Akanitazama mimi hapa mlangoni, na wewe mgongoni. Akafunika, akawaambia mgambo, 'Limekufa.'"

"Na baadaye hakukuuliza?"

"Mpaka anakufa, hata siku moja. Walimwita mwoga, akawaitikia salamu zao. Lori hakuligusa tena. Alisema hawezi kulipitisha mbele ya mlango wa Evaresta. Na mimi nikanyamaza."

Lilian alimkasirikia mama yake, akamhurumia, akamkasirikia tena. Siku ile alimpenda baba yake kuliko siku zote baba alipokuwa hai. Kisha akafanya analolijua: alichukua msasa, akasugua ncha ya rota mpaka ikang'aa.

Jumamosi asubuhi aliirudisha mahali pake. Hendeli ya kwanza haikutoa kitu. Ya kumi nusura imtegue bega. Alibadilisha mkono akaendelea, na kwenye ya kumi na nane Bedford likakohoa, likatema moshi mweusi kwenye migomba, likashika. Kuku walitawanyika. Lilian alilia wazi wazi, wala hakujifuta.

Alitaka kulipeleka moja kwa moja kanisani, kila mtu alione. Lakini mama yake alikuwa amekwenda kwenye mpaka wa shamba, akarudi na jani la masale lililofungwa fundo. Kwa Wameru, aliyekukosea akikujia na jani lile humkatalii, maana ukimkataa kosa linahamia kwako. Bibi Tabea alipanda kiti cha mbele akajifunga kanga vizuri.

"Kwa Evaresta," alisema.

Ni mita mia tatu tu kwa njia ya gari. Evaresta alikuwa amekwisha kutoka nje, kwa sababu mlio ule aliujua. Lilian alizima injini. Mama yake akamwomba aichomoe rota, akailaza juu ya jani, akaenda taratibu hadi mbele ya jirani yake, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Ni mimi niliyelizuia," alisema. "Meshack alitaka kwenda. Wa kwangu akabaki, wa kwako akaenda."

Evaresta alilipokea jani, akakigeuzageuza kile kipande kiganjani. "Ni haka?"

"Ni hako."

"Na Sumari alijua?"

"Alijua."

Evaresta alimrudishia Lilian rota, jani akabaki nalo, akamshika mwenzake kiwiko na kumwinua.

"Usiku ule na mimi sikulala, Tabea," alisema. "Lori letu nililizunguka mara tatu nikitafuta cha kung'oa. Sikujua pa kushika."