Komeo la Upande wa Nje

Mwezi wa sita mwaka 1981, kikao cha familia kilichoketi sebuleni kwa Mjomba Thobias kiliazimia kwa kauli moja kwamba Bibi apelekwe kwenye makazi ya wazee. Kauli hiyo moja ilikuwa ya Mjomba. Wajumbe wengine tulikuwa wawili: mimi, niliyenyoosha mkono kupinga nikaambiwa niushushe, na Bibi mwenyewe, aliyeuliza kama mkutano ukiisha watu watagawiwa mbegu. Mke wa Mjomba alikuwa jikoni, na jikoni hakuna sanduku la kura.

Bibi Eufrazia ndiye aliyewazaa Mjomba na mama yangu, akawalea kwa maharage na ndizi kwenye mteremko wa Mbete, juu ya mji wa Morogoro. Sasa usahaulifu wa uzeeni ulikuwa ukimla kama panya anavyokula gunia, kuanzia pembeni. Mwezi wa tatu aliacha moto umewaka akaenda kuchuma mboga, jiko lote likateketea. Mjomba akamteremsha mjini, kwenye nyumba yake ya serikali. Tangu siku hiyo, kila alfajiri Bibi alichukua jembe akaondoka, na mara mbili polisi walimrudisha. Mjomba alisema anapotea. Nilipofunga shule nililichunguza jambo hilo kwa kina, yaani nilimfuata, nikagundua kwamba hapotei hata kidogo. Alikuwa anakwenda Mbete kwa njia ya mkato, tena alikuwa ananiacha nyuma.

"Mama yuko kule kule Mbete," nilimwambia Mjomba. "Ameshasema atakaa naye."

"Mama yako analima kutwa. Atamwangalia saa ngapi?"

"Atalima naye."

"Anjela, wewe ndiye uliyeuvisha soksi ulimi wa kengele ya shule, wanafunzi mia nne wakachelewa gwaride. Usinifundishe kumlea mama yangu."

Shutuma hiyo ilikuwa ya kweli, ingawa soksi zilikuwa mbili.

Mjomba alikuwa bwana shamba wa wilaya, na bwana shamba hachukui ng'ombe bila kumfungua kinywa atazame meno. Kwa hiyo alitangaza kwamba Jumamosi tutakwenda kuyakagua makazi yenyewe, yeye, mimi na Bibi. Akanikabidhi daftari jipya, akaniteua mwandishi wa kumbukumbu, nadhani ili mikono yangu isikose kazi. Lakini nilipopanda Land Rover niliona furushi la nguo za Bibi limeshafungwa na kuwekwa nyuma. Kwenye mfuko wa shati la Mjomba kulikuwa na fomu, na chini ya fomu mstari mtupu: Sahihi ya Ndugu. Mstari ule ungejazwa, tungerudi wawili.

Bibi alikaa katikati yetu. Jina langu lilikuwa limeshamtoka, ila utani wa bibi na mjukuu haukumtoka. "Mke mwenzangu," aliniambia, "huyu dereva mpya anaitwa nani?"

Mjomba alikaza usukani. Akaiacha njia ya Dakawa.

Makazi ya Wazee Tumaini yalikuwa zamani kambi ya vibarua wa mkonge. Majengo marefu yalipakwa chokaa mpya, na mawe yamepangwa kandokando ya njia, jiwe jeupe, jiwe jekundu. Tulipokewa na mkuu wa makazi, Bwana Eustace, mtu wa mbali aliyehamishiwa kwetu na wizara, mwenye suti ya Kaunda na filimbi shingoni.

"Karibuni sana, ndugu. Hapa mzee anakula, analala, anatulia. Hasa anatulia."

"Nimefurahi," alisema Mjomba.

Mimi sikufurahi, na nina sababu za kitaalamu. Nimekaa bweni miaka mitatu. Najua siku ya wakaguzi inavyonukia. Inanukia dawa ya choo na nyama. Najua shuka ya mkaguzi: ina mikunjo minne ya sandukuni, kwa sababu usiku uliopita hakuna mtu aliyeilalia, na usiku ujao hataruhusiwa. Nilizihesabu shuka kumi na sita, zote zenye mikunjo minne. Kisha nikafika kwenye sabuni.

Mwaka ule sabuni ilikuwa imetoweka nchini. Shuleni tulifua kwa majani ya mpapai, na mwenye kipande alilala nacho chini ya mto. Hapa, kwenye kila beseni, kulikuwa na kipande cheupe cha sabuni ya mche, kimekatwa kwa uzi, pembe zake zote kali. Nilikiinua kimoja. Chini yake beseni lilikuwa na vumbi.

"Mjomba, hii sabuni haijawahi kuonana na maji."

"Andika, usiseme," alinong'ona.

Nikaandika. Kisha nikaona komeo.

Lilikuwa kwenye mlango wa chumba cha mwisho, kilichoandikwa kwa chokaa: CHUMBA CHA UTULIVU. Kila kitu kingine mahali pale kilikuwa kimepakwa rangi kwa ajili yetu, ila komeo hilo halikuhitaji rangi. Liling'aa lenyewe, kama kinavyong'aa chuma kinachoshikwa kila siku. Na lilikuwa upande wa nje.

"Mkuu, shikamoo," nilisema kwa adabu ambayo walimu wangu wameshajifunza kuiogopa. "Hili komeo mzee analifunguaje akiwa ndani?"

"Marahaba, binti. Halifunguliwi kutoka ndani. Ni kwa usalama wake."

"Ahaa. Hata gerezani ni kwa usalama."

"Anjela!" alisema Mjomba. Bwana Eustace akacheka kidogo, akamshika Mjomba mkono, akampeleka ofisini kujaza fomu. Mimi nikaambiwa nimkalishe Bibi barazani pamoja na wazee wenzake.

Wazee wale walikaa kwenye benchi moja refu, wakitazama mbele kama abiria wa basi lililoharibika. Mhudumu alikuwa akigawa uji. Mwisho wa benchi alikaa mzee mwembamba mwenye kofia ya ukindu.

"Huyu hasemi," mhudumu aliniambia. "Mwaka mzima. Tumemwandika bubu."

Bibi alimtazama yule bubu. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mtu yeyote tangu nimefunga shule.

"Kasimiri wa Kinole!" alipiga kelele. "Bado hujafa?"

Kikombe cha uji kilisimama njiani.

"Nimekuja kukuzika mara mbili, kila nikija unakunywa uji! Sanda yako nimeshaichoka, nimeifanya kanga!"

Mzee alishusha kikombe. Midomo yake ilitafuta njia kama mlango uliovimba kwa mvua. "Jogoo," alisema.

"Jogoo gani?"

"Jogoo wetu! Siku tunamzika mama ulimbeba jogoo wetu, Eufrazia mchawi wewe! Mrudishe!"

"Nilimla na mifupa. Alikuwa mgumu kama wewe!"

Nilielewa papo hapo, na mtu yeyote wa milimani kwetu angeelewa. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Mtani hakupi pole. Anakuja msibani kwako, anakutukana, anabeba jogoo wako, na ni mwiko kukasirika. Bibi hamjui mwanawe, lakini mtani wake alikuwa amemkuta pale pale alipomwacha.

Kama haki inavyomruhusu, Bibi alimvua Mzee Kasimiri kofia yake akaivaa. Mzee akainua fimbo kumtishia, huku meno yake matatu yote yakiwa nje kwa kicheko. Benchi zima likageuka. Bibi mmoja akaanza kupiga makofi.

Filimbi ikalia. Bwana Eustace alikuwa mlangoni.

"Nini hiki? Amemwibia mwenzake! Fimbo! Haya, mpeleke yule mama utulivu, upesi!"

"Mkuu, wanataniana!" nilisema. "Hawa ni watani!"

Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniudhi zaidi. "Binti, hata kwetu utani upo. Lakini utani unataka akili. Hawa akili hawana." Akatoa kalamu, akaandika kwenye karatasi yake huku akisoma kwa sauti: "Mkali. Hutukana. Huiba." Kisha akarudi ofisini.

Mhudumu alimwongoza Bibi kwa mkono, taratibu, kama mtu anayefanya kazi asiyoipenda. Nilisikia komeo likiingia. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Hapo naomba nieleze kwa utulivu kilichofuata, kwa kuwa baadaye kilielezwa na watu wengine kwa makelele. Nilikwenda nikalifungua lile komeo. Bibi alikuwa amesimama katikati ya chumba, kofia ya ukindu kichwani, viganja vyake viwili vimebanwa kifuani. Hakuwa analia. Aliniuliza, "Mke mwenzangu, nimekosa nini?"

 Nilimrudisha kwenye benchi, kando ya Mzee Kasimiri, nikarudi kusimama mlangoni. Bwana Eustace alipotokea tena nilikuwa tayari, na uso wangu ulikuwa ule niliouvaa siku ya soksi.

"Nani amefungua hapa?"

"Mkuu, lile dirisha. Tafadhali njoo ulione mwenyewe. Mimi siwezi hata kulieleza."

Aliingia. Dirisha halikuwa na kasoro yoyote, ila udogo wake. Nilivuta mlango nikasukuma komeo. Liliingia laini kabisa. Wanalitunza vizuri.

Nikafungua daftari.

"Wewe binti! Fungua!"

"Anapiga kelele," niliandika, nikisoma kwa sauti kama yeye.

"Fungua nasema! Mpumbavu mkubwa!"

"Hutukana."

Akaanza kugonga mlango kwa ngumi.

"Mkali," niliandika. "Mkuu, kwa usalama wako naomba utulie."

Mjomba alikuja mbio, fomu mkononi, kalamu bado haina kifuniko. Nilitazama mstari. Ulikuwa mtupu.

"Anjela, umefanya nini? Fungua!"

"Sifungui, Mjomba."

"Mimi ni mjomba wako!"

"Shikamoo. Sifungui. Bibi alifungiwa humu sasa hivi, wewe ukiwa unatafuta wino. Niambie Bibi anarudi Mbete kwa Mama, nitafungua. La sivyo nipeleke polisi. Wanaijua nyumba yenu."

Kwetu mjomba si mtu wa kujibiwa hivyo.  Lakini mgongo wangu ulikuwa kwenye komeo, na nilikusudia uendelee kuwa pale mpaka shule ifunguliwe.

"Alimfungia mama yangu?" Mjomba aliuliza. Hakuniuliza mimi. Alikuwa anauuliza mlango.

Mlango ulijibu kwa matusi.

"Alikuwa anataniana na Mzee Kasimiri wa Kinole," nilisema. "Amemkumbuka jina na kijiji."

"Kasimiri wa jogoo?" alisema Mjomba. "Alimkumbuka Kasimiri?"

Hatukumsikia Bibi akija. Aliniweka kando kwa kiganja kimoja, kama mtu anayesogeza pazia, akavuta komeo. Bwana Eustace alitoka akiwa amelowa jasho, filimbi imemgeukia mgongoni. Bibi alimshika mkono.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Wamekufungia kwa kosa gani?"

Bwana Eustace alifungua mdomo. Akanitazama mimi, akamtazama Mjomba, akaitazama ile karatasi yake iliyoanguka sakafuni. 

"Hata mimi sikuambiwa," Bibi alimfariji. Kisha akamgeukia Mjomba. "Dereva, twende. Jua linapanda na maharage yangu hayajapaliliwa."

Mjomba aliikunja fomu mara nne, kama shuka ya mkaguzi, akairudisha mfukoni. "Ndiyo, mama," alisema. "Twende."

Tulipopita kwenye benchi Mzee Kasimiri aliinua fimbo. "Kofia yangu, mwizi!"

"Ifuate Mbete!" Bibi alimjibu bila kugeuka. "Na usife njiani, sina nafasi ya kukuzika wiki hii!"

"Wewe ndiye utakayeanza! Na jogoo nitambeba!"

Land Rover haifiki Mbete. Barabara ilipokwisha tulishuka, Mjomba akajitwika furushi, mimi nikabeba daftari. Kwenye kona ya pili Bibi alikuwa ameshatutangulia, kofia inapanda kati ya migomba, na kila tuliyekutana naye alitwambia kapita hapa, kaelekea kwa binti yake. Mama alimpokea mlangoni akampa jembe. Kuhusu moto walikubaliana, yeye na Mjomba, kwamba jiko jipya litajengwa upande ambao Mama anauona akiwa shambani, na kwamba mimi ndiye nitakayebeba mawe, likizo nzima. Sikukata rufaa.

Adhabu ya pili ilikuwa kumwandikia Bwana Eustace barua ya kuomba radhi. Niliiandika jioni hiyo hiyo, kwenye karatasi ya daftari la kumbukumbu, kwa mwandiko wangu wa mtihani.

"Yah: Komeo. Ndugu Mkuu wa Makazi, naomba radhi kwa kukufungia chumbani kwa muda wa dakika tisa. Ulipokuwa ndani ulipiga kelele, ulitukana na ulikuwa mkali, na mimi sikukuandika kuwa huna akili. Kwa kuwa sasa sote wawili tunazijua pande zote mbili za mlango ule, naomba komeo lihamishiwe ndani. Naomba pia Mzee Kasimiri asiandikwe tena bubu, kwani ana kofia yake Mbete na ana haki ya kuja kuidai. Nakala: Ofisi ya Ustawi wa Jamii, Morogoro."

Mjomba aliisoma karibu na taa. Aliisoma mara ya pili. Nilisubiri kofi, au angalau hotuba.

"Hii haina uzito," alisema. "Mtoto wa shule ameandika, nani ataijali?"

Akatoa kalamu. Chini kabisa akapiga mstari kwa kutumia kibao cha kukatia mkate, akaandika juu yake Sahihi ya Ndugu, akatia sahihi.