Watu Arobaini wa Kompyuta ya Shafik

Dramadri alikuwa na njia yake ya kupima akili za watu, na hakumficha mtu yeyote. Wapo wanaopima akili kwa shule aliyosoma mtu, na wapo wanaopima kwa namna anavyowasalimia wakwe. Yeye alipima kwa brauza, ile programu unayoifungua kwenye simu au kompyuta ili uingie mtandaoni. Jambo hilo alilisoma mtandaoni kwenyewe, nusu ya makala, kwa sababu nusu ya pili ilimtaka ajisajili kwanza. Nusu aliyoisoma ilimtosha kwa maisha yake yote.

Mkewe, Agnes Keji, aliyajua madaraja hayo kama anavyoyajua majina ya watoto wake. Mtu wa Firefox amesoma. Mtu wa Chrome ni mtu wa kawaida, hana kosa. Mtu wa Opera Mini ni mchoyo wa bando, lakini uchoyo nao ni akili ya aina yake. Wa mwisho kabisa, ambaye Dramadri alimzungumzia kwa huruma kama anayemzungumzia mgonjwa, ni yule anayetumia brauza ya zamani aliyoikuta ndani ya kompyuta siku alipoipata.

“Mutu ya akili,” Dramadri alipenda kusema, “hapana tumia kitu sababu alikuta iko pale. Anatafuta yake.”

Agnes alikuwa mke wa mtu huyu kwa miaka kumi na moja, na mara mojamoja alijiuliza kama yeye mwenyewe alitafutwa au alikutwa pale. Hakuuliza. Dramadri alikuwa mtoto wa kijiji cha Aroi, Mlugbara wa kuzaliwa, na Agnes alikuwa Mkakwa wa Koboko, binti wa askari mstaafu. Walipokutana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, basi wakachumbiana kwa Kiswahili, wakaoana kwa Kiswahili, na hadi leo nyumbani kwao Mvara waligombana kwa Kiswahili.

Dramadri ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta katika ushirika mmoja wa wafuga nyuki mjini Arua. Mwezi ule ushirika ulitangaza nafasi ya karani wa takwimu, mtu wa kupokea taarifa za mizinga kutoka kwa wafugaji, kuzipanga na kukamata makosa. Agnes aliijua nafasi hiyo kabla haijatangazwa, kwa kuwa mumewe alimlalamikia karani aliyeondoka kila mlo kwa wiki tatu. Huyo karani, alisema, aliandika kwamba mzee mmoja ana mizinga elfu nne, na hakushtuka.

Agnes alikuwa na diploma ya takwimu. Ilikaa sandukuni, ndani ya bahasha moja na vyeti vya ubatizo vya watoto, tangu Lino, mtoto wao wa kwanza, azaliwe. Kwa wiki tatu alimpakulia mumewe chakula huku akingoja aseme, “Na wewe je, Mama Lino?” Dramadri alisema mengi katika wiki hizo, lakini hilo hakulisema. Si kwamba alikataa. Halikumjia tu, na hapo ndipo palipomuuma Agnes kuliko kukataliwa.

Basi akaamua kuomba bila kumwambia. Kazi aliitaka, na aliitaka kwa mkono wake mwenyewe. Akiomba kupitia kwa Dramadri, mji mzima ungesema amewekwa na bwana, na wa kwanza kusema hivyo, kwa fahari kabisa, angekuwa bwana mwenyewe.

Maombi yalikuwa ya kujaza mtandaoni. Kompyuta ya nyumbani Dramadri aliikagua kama mtu anayekagua kuku wake jioni. Simu ya Agnes iliifungua fomu hadi ukurasa wa pili, ikaganda. Lakini wiki ile ile alikuwa anakwenda Koboko kumwona mama yake, na Koboko hakuna shida ya fomu, kwa sababu Koboko kuna Shafik.

Duka la Shafik liko upande wa soko. Anapiga picha za pasipoti, anatoa kopi, na anajaza fomu za watu: za chuo, za kitambulisho, za kazi, za kwenda Hija. Mteja anakaa kwenye kiti cha plastiki na kujibu maswali, na Shafik anachapa kwa vidole viwili bila kumwangalia. Kompyuta yake ni kubwa na nzito, aliipata ofisi fulani ilipofungwa, na hakuna kitu alichokibadilisha ndani yake. Alimwambia Agnes kwamba kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Siku ile alikuwa amekwisha jaza fomu za kazi hiyohiyo ya nyuki kwa watu thelathini na sita, na penye swali la “eleza uwezo wako” aliwaandikia wote kwamba ni wachapakazi na wanampenda nyuki. Agnes alimwambia afute. Shafik alifuta kwa uchungu, maana ile sentensi aliitunga mwenyewe, kisha Agnes akamtajia yake, neno kwa neno.

Jina aliloandika ni lile la kwenye diploma, Keji Agnes. Makazi aliweka Koboko, kwa mama. Akarudi Arua, akanyamaza.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Dramadri alirudi kula mchana akiwa na furaha ya mtu aliyewahi foleni. Agnes alikuwa ameandaa enyasa, ule ugali mweusi wa muhogo na mtama, na mboga ya kunde. Watoto walikuwa kwa bibi yao huko Aroi. Dramadri alinawa, akakaa, na kabla ya tonge la pili akaanza kueleza namna alivyoikata kazi ya siku tatu ikawa ya dakika kumi.

Maombi yalikuwa sitini na moja. Mfumo wa ushirika, alieleza, unaandika wenyewe kila ombi limetumwa kwa brauza gani. Yeye alipanga orodha kwa brauza, akatazama chini, akakuta watu arobaini wamerundikana kwenye ile ya zamani, ile ya wagonjwa. Akawafuta wote kwa mpigo mmoja. Hakusoma hata jina moja, na hilo alilisema kama sifa, kwamba hakumpendelea mtu.

“Arobaini, na karibu wote iko ya Koboko,” alisema. “Mama Lino, watu yako iko na shida.”

Agnes alikuwa na tonge mkononi. Alilichovya kwenye mboga, akalila, akalimeza. Dramadri, aliyezoea kusikilizwa, hakuona ajabu. Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa jaribio aliloliandaa kwa wale ishirini na mmoja waliobaki: orodha ya wafugaji na mizinga yao, yenye makosa ya kutafutwa. Alimwomba mkewe alifanye akishamaliza kula. Alitaka kuona kama maswali yanaeleweka, na kama hata Mama Lino angeweza, basi yanaeleweka.

Agnes alinawa mikono, akachukua penseli ya Lino, akakaa upande wa pili wa meza. Makosa kumi na mawili aliyapata kabla mumewe hajamaliza kuchokoa meno. Akapata na la kumi na tatu, ambalo halikuwekwa makusudi: kikundi cha wafugaji wa Inde kilihesabiwa mara mbili katika jumla, na jibu la Dramadri mwenyewe lilikuwa limekosewa. Dramadri alikagua, akakagua tena kwa kikokotoo cha simu. Kisha akatoa uamuzi wake.

“Hii jaribio iko rahisi sana,” alisema. “Nitaongeza ngumu.”

Hapo Agnes alikasirika. Alikuwa amestahimili wiki tatu za karani wa mizinga elfu nne, na miaka kumi ya bahasha sandukuni, lakini hili lilimkata maini. Hakupandisha sauti. Alimwambia afungue kompyuta, atafute wale arobaini aliowafuta, asome jina la thelathini na saba.

Dramadri alifungua, akashuka kwa kidole. “Keji Agnes,” alisoma. “Koboko.” Akafikiri kidogo. Akasema Koboko akina Keji wako wengi.

“Angalia namba ya simu.”

Aliangalia. Ni namba aliyoipiga kila siku saa sita unusu kuuliza kama chakula kiko tayari. Ubaridi ulimwingia, na Agnes aliuona ukimwingia. Agnes alingoja, kwa sababu alidhani ataombwa msamaha. Lakini kila mtu ana jambo linalomsumbua kwanza.

“Lakini Mama Lino,” Dramadri alisema taratibu, “kwa nini ulitumia ile brauza?”

“Mimi hapana tumia brauza,” alisema Agnes. “Mimi nilitumia Shafik.”

Ikabidi amweleze. Dramadri alikuwa amekaa maofisini tangu atoke chuo, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kujaziwa fomu. Wale arobaini hawakuwa watu arobaini waliochagua vibaya. Ilikuwa kompyuta moja, kiti kimoja cha plastiki na vidole viwili vya Shafik, ambaye kazi ya nyuki hakuiomba hata. Ndani ya dakika kumi Dramadri alikuwa ameipima akili ya Koboko nzima, na kumbe amepima duka moja.

Aliinamisha kichwa, na Agnes, ingawa alikuwa na hasira, alimhurumia kidogo. Kisha Dramadri akafanya alichodhani ni wema. Alisema jambo halijaharibika. Angemrudisha kwenye orodha sasa hivi, hapo mezani. Ishirini na mmoja wangekuwa ishirini na wawili, na jaribio alikwisha liweza. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe.

Agnes alikitazama kile kidole. Kazi ilikuwa pale, karibu kuliko ilivyowahi kuwa tangu amalize chuo, na aliitaka.

“Rudisha wote arobaini,” alisema. “Ama usirudishe mimi. Na hii jaribio nimeona, wafanye ingine.”

Dramadri alisema itabidi amweleze bosi sababu. Agnes akasema ndiyo, itabidi.

Jumatatu Dramadri alimweleza Concy, meneja wa ushirika, mama asiye na haraka ambaye alimsikiliza huku akigonga mihuri. Alipomaliza, Concy aliuliza brauza ni nini. Dramadri akaeleza. Concy akasema yeye kompyuta anafunguliwa na sekretari, basi akapenda kujua yuko daraja gani. Jioni Dramadri alimsimulia mkewe yote bila kupunguza, hata swali hilo, na akasema arobaini wote wamerudishwa, naye ameondolewa kwenye kamati ya ajira. Jaribio jipya lingetungwa na mtu wa nje, na karatasi zingeandikwa namba badala ya majina.

Siku ya jaribio wale wa Koboko walifika na gari la alfajiri, wakiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Agnes alikwenda kwa miguu kutoka Mvara, akakaa karibu na dada mmoja aitwaye Hajara, mwembamba, mwenye mtandio wa kijani, aliyemwomba rula. Wakati wakingoja walijuana. Hajara alikuwa amefundisha hesabu shule moja ya msingi hadi shule ilipokosa wanafunzi. Alijaziwa fomu na Shafik, na alikuwa bado anamcheka kwa ile sentensi ya kumpenda nyuki, maana yeye nyuki anamwogopa sana. Agnes alimpenda papo hapo. Baadaye alitamani asingempenda, ingekuwa nafuu.

Majibu yalitoka Ijumaa. Dramadri aliyabandika mwenyewe ubaoni, kwa kuwa kubandika ndiyo kazi pekee aliyoachiwa katika jambo lile, kisha akaja nyumbani kabla ya saa yake. Agnes alikuwa uani akichambua kunde, na alipomwona amekuja mapema, alijua.

Alikuwa wa pili. Tisini na moja. Nafasi ilikuwa moja, na wa kwanza alikuwa Hajara, tisini na nne. Wa tatu, ambaye ndiye aliyeongoza wale ishirini na mmoja wa brauza nzuri, alipata sitini na nane.

Agnes aliomba arudie wa tatu. Dramadri akarudia. Hesabu yenyewe haikuhitaji penseli: angerudishwa peke yake siku ile mezani, angekuwa wa kwanza, tena kwa mbali, na Jumatatu angekuwa ofisini. Hakujuta, lakini aliumia, na hakuona sababu ya kujifanya hakuumia. Aliweka ungo chini, akalia waziwazi, pale uani, mchana kweupe.

Dramadri alichutama mbele yake. Hakujua aweke wapi mikono yake. Alikuwa ametafuta la kumwambia njia nzima kutoka ofisini, na alilolipata lilimgharimu, maana alikuwa mtu wa kujipiga kifua.

“Mama Lino,” alisema, “wewe iko na akili kuliko mimi.”

Agnes alijifuta macho kwa kanga, akauvuta ungo karibu.

“Hiyo nilijua,” alisema. “Mimi nilitaka kazi.”