Miadi Moja, Kanisa Zima

Tovuti ya chanjo ya korona ilimwomba Généreuse radhi mpaka radhi zenyewe zikamtia kichefuchefu. Samahani, hakuna nafasi Ingleburn. Samahani, hakuna nafasi Campbelltown. Tafadhali jaribu tena baadaye. Alijaribu alfajiri kabla ya kwenda kazini, akajaribu akiwa amejifungia chooni kwenye ghala la Smithfield alikopanga makasha, akajaribu mbele ya jiko hadi ugali ukaungua. Baadaye gani hiyo? Helikopta ya polisi ilikuwa haibanduki juu ya mapaa ya mtaa wao, Macquarie Fields, ikichunga watu wasitoke, na kwenye televisheni watu wa jiji hilo hilo, upande wa bahari, walikuwa wanaota jua ufukweni na mbwa wao.

Hakuwa akijitafutia yeye. Yeye alikwisha chanjwa kazini. Aliyebaki ni mama yake, Mama Ninahazwe, mwenye mapafu mabovu na mguu uliowahi kuganda damu. Daktari alisema ile chanjo isiyo na foleni haimfai, angoje ile inayogombaniwa. Basi kila jioni Généreuse alirudi kutoka ghalani, ambako wenzake wa zamu walikuwa wanaugua mmoja mmoja, akavua nguo mlangoni, akaoga, na bado akaogopa kumsogelea mama yake. Chakula alimwachia kwenye kizingiti cha chumba. Jambo hilo lilimuuma kuliko yote, kuiogopa pumzi yake mwenyewe kwa ajili ya mzazi wake.

Jumapili moja, katikati ya maombi ya nyumbani, nafasi ikajitokeza. Ingleburn, Jumatano. Aliibonyeza, na ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia akapiga kelele nyumba nzima ikasikia.

“Tuma kwa kanisa,” Mama akasema kutoka chumbani.

“Maman, tungoje kwanza wakuchome.”

“Mungu amekupa leo, wewe unataka kumshukuru Jumatano?”

Kanisani kwao ushuhuda hautolewi mikono mitupu. Aliyepata nyumba huinua funguo, aliyepata uraia huleta cheti, aliyejifungua huleta mtoto. Milango ya kanisa ilikuwa imefungwa kwa amri, lakini kundi la simu lilikuwa wazi. Mama akarekodi sauti yake ya shukrani, na Généreuse akaambatanisha ujumbe wa tovuti mzima mzima, linki na kila kitu, ili watu waone kwa macho. Amina zikamiminika.

Jumatano alimvalisha mama yake koti na kofia ya sufu, akamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi mlango wa kituo, upepo wa Agosti ukiwachapa usoni. Binti wa mlangoni akaangalia kishikwambi chake.

“Miadi yenu ni Jumamosi,” akasema. “Mmebadilisha wenyewe.”

“Nani amebadilisha? Mimi?”

Binti akarudia maneno yale yale kwa upole wa kukaririshwa. Nyuma yake, kupitia kioo cha mlango, Généreuse aliona viti vitupu, safu kwa safu, na wauguzi wamesimama wakipiga soga. Alitamani kupiga kelele. Alimgeuza mama yake wakarudi nyumbani.

Huko ndiko alikofungua kundi la kanisa akasoma kilichofuata baada ya zile amina. “Asante Yesu, nimechukua Alhamisi!” “Mie Ijumaa, niko off.” “Jumamosi ni yangu, sifa kwa Bwana!” Kila mmoja alifungua ile linki, akaona saa, akaona pa kubonyeza ili abadilishe, akabadilisha. Na kila mmoja aliyedhani amejipatia miadi yake alikuwa anaisogeza ile ile moja ya Mama Ninahazwe. Wa mwisho kuisogeza alikuwa shemasi, Papa Wilondja. Généreuse akampigia hapo hapo.

“Papa Wilondja, mmeiba appointment ya maman wangu!”

“Tumeiba?” Sauti ya shemasi ilishtuka kweli. “Dada, wewe ndiye uliileta mbele ya kanisa. Siye tulijua ni ya wote. Na mie kwa kazi banasema, bila chanjo nisirudi tena.”

Généreuse alikuwa na matusi mengine tayari, lakini hayakutoka. Watu hawa walikuwa wameambiwa samahani kama yeye, wiki baada ya wiki. Ukiweka sahani moja mbele ya wenye njaa, utamlaumu aliyenyoosha mkono? Alikata simu akiwa na hasira ile ile, ila sasa alimkasirikia aliyepakua sahani moja.

Jumamosi Généreuse na mama yake waliwakuta nje ya kituo, Wilondja na waumini wenzake, wamesimama kwenye manyunyu, kila mmoja mbali kidogo na mwenzake. Wengine walikwisha fukuzwa Ijumaa. Walikuja kumwomba Mama msamaha, na pia, nani ajuaye, kujaribu bahati yao. Mlangoni jina likaitwa moja tu. Wakampisha, Wilondja mwenyewe akakisukuma kiti mpaka pale aliporuhusiwa.

Muuguzi aliyemchoma aliitwa Achola, Mkenya, na aliposikia Kiswahili uso wake ukalegea.

“Pole kwa kungoja, Mama. Na leo watu wengi hawajatokea. Hizi chupa tumeshafungua, tukifunga jioni tunazitupa.”

Mama Ninahazwe akamtazama. “Munatupa dawa?”

“Tunatupa.”

“Na bale bako inje?” Mama akawaulizia watu wa kanisa.

Achola akashusha sauti. “Hawana booking. Nimemuuliza supervisor mara mbili, amekataa. Anasema utaratibu ni utaratibu.”

 Généreuse akaanza kufungua mdomo, lakini mama yake alimgusa mkono, akaomba apelekwe kwenye sehemu ya kupumzika, ambako kila aliyechanjwa hukaa kidogo aangaliwe. Bango ukutani lilisema asiyejisikia vizuri asiruhusiwe kuondoka. Achola alikwisha msomea.

Muda wake ulipokwisha, msimamizi mwenyewe akapita, mwanamume mwenye kizibao cha rangi kali, akaelekeza mlango wa kutokea. Généreuse akalegeza breki za kiti.

“Unajisikiaje, Mama?” Achola akauliza.

“Mubaya.”

Achola akatafsiri. Msimamizi akasimama, akachuchumaa mbele ya kiti, ghafla amekuwa mpole. Aulizwe, tafadhali, maumivu yako wapi.

“Panauma wapi, Mama?”

Mama Ninahazwe akanyoosha mkono wake usiochomwa kuelekea dirishani, pale Papa Wilondja na wenzake walipokuwa wakilowa.

“Pale,” akasema. “Na sitoki hapa mpaka papone.”

Achola alitafsiri lile nalo, neno kwa neno, bila kucheka. Généreuse akainama, akakaza breki.