Mbuzi wa Musyimi

Mbuzi wa Musyimi aliliwa hadi ulimi, na Kanini ndiye aliyekaa karibu na sufuria. Kaveke, mke wa Musyimi, hakusahau. Jina la mgeni wa jana linaweza kukutoka, lakini aliyelamba vidole kwa mali ya mumeo hakutoki.

Jambo lilianzia mikononi mwa Kaveke. Akibeba mtungi, bega linageuka jeusi kama zambarau. Akiegemea mlango, alama nyingine. Kanini, mwenyekiti wa akina mama kanisani, alimkuta kisimani amepandisha mikono ya blauzi.

"Mama Kimeu, mzee anakutwanga hivi na bado unaimba kwaya?"

"Musyimi hajaniinulia hata mwiko."

"Anayepigwa ndiye wa kwanza kufunika," Kanini akasema, na wenzake wakacheka.

Jumapili akalipeleka kwa Mungu kwa sauti, watu wote wakisikia: "Bwana, mguse ndugu Musyimi, umlegeze ngumi zake." Basi likawa neno la kanisa. Wazee wa ukoo wakamwita Musyimi. Kaveke alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa. Mwishowe akatoa beberu wa faini, kama atoavyo mwanamume aliyemuumiza mkewe.

Tangu hapo hakwenda tena sokoni Tawa. Alikaa nyuma ya ghala akitazama milima ya Mbooni, na kuuliza swali moja tu: "Kaveke, wewe unajua, sivyo?"

"Najua, baba."

Akaacha chakula, kisha vidonge vyake vya presha. Wakati wa kuvuna maharagwe alianguka shambani, asiinuke.

Baada ya mazishi Kaveke akaanza kutoka damu kwenye fizi, akaenda hospitali. Daktari akamweleza kwamba damu yake imepungukiwa chembe za kuigandisha. Akiguswa kidogo tu, inavuja chini ya ngozi.

"Umeona alama hizi tangu lini, mama?"

"Tangu mume wangu akiwa hai," akasema, akalia mpaka daktari akafunga mlango.

Daktari alimpa vidonge, akamuuliza kama analala, kama anakula, kama kuna asubuhi anatamani kusingekucha. "Huzuni hiyo nayo ni ugonjwa," akamwambia. "Si upungufu wa imani. Na vidonge hivi usiviache ghafla. Unaweza kuvuja damu kichwani."

Vidonge vikafanya kazi. Mikono ikatakata. Na hapo ndipo kisu kilipoingia, maana Kanini alimshika mkono mlangoni mwa kanisa, akaugeuza juu na chini mbele ya wote.

"Mmeona? Mzee ameenda, na ngozi imepona. Mungu si Athumani."

"Ninatumia dawa," Kaveke akasema. "Ni ugonjwa wa damu."

"Ndiyo, mama. Ndiyo," Kanini akamjibu, kama anayembembeleza mtoto.

Siku hiyo Kaveke alivifunga vidonge kwenye kitambaa, akavitia chini ya godoro. Alilijua andiko: kisasi ni juu yangu mimi, anena Bwana. Akapiga magoti. "Sikunyang'anyi kilicho chako, Bwana," akasema. "Ninakuletea ushahidi tu."

Siku zilizofuata aliishi kwa hofu. Aliogopa kukohoa, aliogopa kuinama. Kichwa kikimgonga kidogo, moyo ulimkimbia. Lakini alama ya kwanza ilipochomoza kwenye kiwiko aliitazama kama mkulima anavyotazama wingu.

Jumapili alivaa blauzi isiyo na mikono. Wakati wa ushuhuda akasimama, mikono na shingo vimejaa madoa.

"Musyimi yuko kaburini," akasema. "Basi niambieni, nani amenipiga wiki hii?"

Mchungaji akaanzisha wimbo.

"Wimbo ungoje, mchungaji. Mama Kanini, uliomba mume wangu alegezwe ngumi. Zimelegea, ziko chini ya udongo, na mimi ndiye huyu. Mla mbuzi hulipa ng'ombe, lakini ng'ombe wako simtaki. Nataka beberu, na umlete wewe mwenyewe, hadi kaburini kwa mwenye mali."

Mchungaji akafunga kitabu cha nyimbo.

Jumanne Kanini alipanda mlima kwenda kwa Kaveke akimvuta beberu kwa kamba, na majirani wakaacha majembe kumtazama. Alipofika alikuwa anahema.

"Mama Kimeu, tusameheane."

"Mimi hukuniita mpigaji. Mwambie yeye."

Kanini akapiga magoti kando ya kaburi pale uani, akanong'ona.

"Hasikii," Kaveke akasema. "Tumia ile sauti ya maombi."

Kanini akainua sauti. Akasema Musyimi hakumpiga mkewe, yeye ndiye aliyemzulia. Sauti ikashuka bondeni hadi kisimani. Alipotaka kuinuka, Kaveke alimrudisha kwa jicho: "Kina mama wa kule chini bado." Akasema tena, machozi yakimtoka.

Kaveke akamfunga beberu kwenye nguzo ya ghala. Damu ilikuwa imeanza kumchuruzika puani. Akaifuta kwa pindo la leso, akaingia ndani kuvichukua vidonge, akampigia simu mtu wa boda boda ampeleke hospitali.

"Na mimi je," Kanini akauliza, bado yuko magotini, "umenisamehe?"

Kaveke alikuwa anapanda pikipiki polepole, asigonge mguu.

"Hilo," akasema, "liombee."