Zabuni ya Mashuka

Boila ilikuwa imeshashika moto na mashuka ya kwanza yanazunguka mashineni, na Earline Muldrow bado alikuwa ameibana simu kwa bega, mikono yote miwili ikichambua foronya. Tangu wafanyakazi wanywe kahawa ya asubuhi alikuwa anasikilizishwa muziki tu.

"Bi Muldrow," sauti ya kijana wa ofisi ya usajili wa serikali ikarudi, "tatizo ni lile lile. Jimbo la Mississippi linakujua kama Muldrows, mwishoni kuna S. Bili yako ya maji inasema Muldrow, haina S. Mfumo unaona ni kampuni mbili."

"Mwanangu, duka la dobi ni hili hili moja. Alilianzisha mama yangu. Njoo uhesabu milango."

"Nakuelewa mama, lakini mfumo..."

"Huyo mfumo nipe niongee naye mwenyewe."

Kijana akacheka kidogo, kisha akakumbuka yuko kazini. Akamwambia atume hati upya, asubiri siku kumi za kazi. Earline akamwambia zabuni inafungwa leo saa kumi jioni. Kijana akamtakia siku njema.

Miaka mingi Earline alikuwa akifua mashuka ya hospitali ya wanajeshi wastaafu, lakini chini ya kwapa la kampuni ya jimbo jingine. Wao ndio walioshika mkataba, na yeye alipewa kilichobaki. Mwaka huu serikali kuu iliitenga kazi hiyo kwa biashara ndogo peke yake. Msimu wote wa baridi Earline alienda darasa la jioni kujifunza kupanga bei, kusoma masharti, kuonyesha kazi alizokwisha kufanya. Muuguzi mkuu alimwandikia barua kwamba hata wiki ya mafuriko mashuka yalifika. Zabuni ilikuwa kamili. Kilichokosekana ni jina lake kuwa hai kwenye daftari la serikali. Bila hilo, hata uandike kwa wino wa dhahabu, hawakusomi.

Na gesi ilikuwa imepanda bei tena. Hospitali ikiondoka, vitambaa vya meza vya hoteli ya samaki na majoho ya kwaya visingeweza kulisha watu wote waliokuwa wakitoka jasho mle ndani.

Kabla ya mchana akaingia mwanamume mwenye viatu visivyojua maji ya sabuni. Akajitambulisha: Grant Whitlock, kutoka Virginia, kampuni kubwa ya huduma za hospitali.

"Nimeona kwenye tovuti usajili wako umekwama," alisema. "Unaonekana na kila mtu. Pole sana. Mimi nina watu wangu pale, nikipiga simu moja, kabla ya chakula cha mchana uko hai."

"Kwa S ile ile?"

"Kwa S ile ile."

Earline aliacha foronya. "Halafu wewe unataka nini?"

Whitlock akaeleza bila haya, kama mtu anayeagiza soda. Zabuni ingeingia kwa jina la Earline. Mashuka yangefuliwa Memphis, kwenye kiwanda cha kampuni yake. Earline angebaki na watu watatu wa kupokea na kupeleka, na fungu lake kila mwezi, bila kuunguza gesi hata kidogo.

"Sheria inasema biashara ndogo ifanye nusu ya kazi yenyewe."

"Karatasi zitasema umefanya."

Nyuma ya mashine ya kunyooshea, Cleotha Banks, aliyekuwa hapo tangu enzi za mama yake Earline, akasema bila kuinua macho, "Bosi, muulize kama hao watatu keshawachagua, au tupige kura."

Wengine wakacheka. Vonetta, mkunja mashuka, hakucheka. "Ninyi chekeni," alisema. "Mimi nina kodi na mtoto mwenye pumu. Bi Earline, watatu si bora kuliko sifuri?"

Swali hilo lilimchoma Earline kuliko maneno yote ya Whitlock. Alimtazama Vonetta, mikono yake iliyobabuka kwa mvuke.

"Nikikubali, dada, wewe utakuwa unafua kwenye karatasi, na mtu wa Memphis afue kwa mikono. Siku wakija kukagua, atakayefungwa ni mimi. Huyu atakuwa Virginia." Akamgeukia mgeni. "Jina hili ni la mama yangu. Sikodishi. Mlango ni ule ulioingilia."

"Bila mimi hutasomwa," Whitlock alisema.

"Basi nitakuwa sijasomwa nikiwa na nguo zangu mwilini."

Vonetta akageukia mashuka yake. Whitlock akatoka kwa mlango ule ule.

Earline akaketi ofisini. Kwenye zabuni akaongeza barua mbili: moja ya ile S, nyingine ikieleza Whitlock alichotaka, neno kwa neno, na majina ya waliosikia. Akaituma saa tisa na dakika chache.

Simu ikalia kabla saa kumi haijafika. Alikuwa Bi Pruett, ofisa wa mikataba, mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyechoka kukataa watu.

"Nimepokea. Lakini unajua lazima niikatae. Usajili wako hauko hai."

"Ikatae. Ila kwa maandishi, na sababu uiandike: herufi moja."

"Bi Muldrow..."

"Na ile barua ya pili?"

"Nimeisoma," Bi Pruett alisema taratibu. "Itabidi niipeleke kwa mkaguzi."

"Vizuri. Nakala ninayo, na mimi pia nitampelekea. Ukishanikataa, napinga. Sheria inanipa haki hiyo, darasani walitufundisha."

"Ukipinga, zabuni yote itasimama. Hakuna kampuni itakayopewa hadi iamuliwe. Inaweza kuchukua miezi, na wewe huna uhakika wa kushinda."

"Najua. Zabuni ikisimama, mkataba wa zamani unaendelea na mashuka yanazidi kuja hapa. Ndiyo maana napinga."

Akakata simu. Nje, lori la hospitali lilikuwa linarudi kinyumenyume mlangoni, limejaa mashuka machafu. Earline akavaa glavu, akaenda kusaidia kushusha.